Posa Mkabala na Mashine ya Kusaga

Kama kuna mtu Dodoma nzima aliyekuwa na haki ya kuchukia maelekezo mabovu, ni Lea. Mwaka jana wazee wa mchumba wake, Ludovick, walitoka Moshi kuja kumposa, wakafika Zuzu, nje kidogo ya mji, salama salimini, wakaanza kuulizia nyumba ya shangazi yake. Mtu wa kwanza akawaambia wakate kushoto kwenye genge la nyanya, na genge lenyewe lilikuwa limeshahama. Wa pili akawaambia wawafuate wale mbuzi, wanaelekea hukohuko. Mbuzi wakaenda zao malishoni, na wazee nyuma yao na suti zao.

Walipobisha hodi giza lilikuwa limeshaingia. Shangazi Debora hakufungua hata mlango. Aliwajibu kupitia dirishani.

"Mtu aliyeshindwa kuiona nyumba nzima, huyo mtoto wangu atamwona?"

Shangazi Debora ndiye aliyemlea Lea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na neno lake lilikuwa halirudi nyuma. Ilichukua mwaka mzima wa kumbembeleza mpaka akakubali kuwapokea tena, na alikubali kwa sharti. Atapika. Wageni wakifika chakula kikiwa cha moto, watazungumza. Chakula kikipoa, Ludovick akatafute mke kwingine, na asimletee tena mtu pale mlangoni.

Sasa Lea, kwa bahati, kazi yake ilikuwa kutengeneza maelekezo. Alikuwa mwandishi wa programu kwenye kampuni ndogo pale mjini, ya vijana wasiozidi meza moja ya chakula, na walikuwa wanawatengenezea madereva wa bajaji programu ya kuelekeza njia. Haikuelekeza kwa majina ya barabara, maana dereva gani anayajua? Ilielekeza jinsi watu wanavyoelekezana: mkabala na saluni ya fulani, nyuma ya kanisa, ukishapita kwa fundi cherehani. Madereva waliipenda.

Tabu ilikuwa ndani yake. Kila mahali kwenye orodha palikuwa na alama ya kupatambulisha, na alama yenyewe ilikuwa mahali pengine kwenye orodha ileile. Nyumba ya shangazi iko mkabala na saluni ya Rukia, saluni ya Rukia iko nyuma ya kanisa, kanisa liko jirani na shule, na kadhalika. Orodha ikawa inajinyooshea vidole yenyewe kwa yenyewe. Kwa binadamu hilo si neno. Kwa kompyuta ni balaa, kwa sababu orodha ikijaa, kompyuta huibeba yote na kuihamishia mahali penye nafasi zaidi katika kumbukumbu yake. Orodha inahama, vidole havina habari. Vinaendelea kunyooka kuelekea makazi ya zamani, ambako keshaingia mpangaji mwingine.

Lea aliiandika programu hiyo kwa Rust, lugha ya kompyuta ambayo kompaila yake, yaani ile mashine ya kukagua ulichoandika kabla hakijaruhusiwa kufanya kazi, haina adabu ya kunyamaza. Aliandika, ikakataa. Akaandika upya, ikakataa, ikamweleza na sababu: huwezi kukihamisha kitu huku kuna mtu bado anakinyooshea kidole. Akaibembeleza kwa njia zote anazozijua. Ikakataa.

"Iko sahihi," alisema Cornel.

Cornel alikuwa mwenzake wa meza ya jirani, kijana makini kiasi cha kuudhi. Cornel hakuwahi kufanya jambo ambalo hajalipima mara mbili, na akishalipima mara mbili alikuwa analiahirisha ili alipime vizuri.

"Najua iko sahihi, Cornel. Nataka ipite."

"Basi achana na vidole. Kila mahali pape namba ya nafasi yake ndani ya orodha. Orodha ikihama, namba haidanganyi, wa tatu anabaki kuwa wa tatu. Au kama unapenda sana vidole vyako, basi ipigilie orodha misumari isihame kabisa. Vyote vinafanyika, ila inabidi upange upya kila kitu. Jipe wiki mbili."

"Wazee wanakuja Jumamosi!"

"Mimi nisingeharakisha jambo kwa sababu ya posa," alisema Cornel, akarudi kwenye skrini yake.

Lea alimtazama kisogo kile kilichonyolewa vizuri, akaapa moyoni kwamba mwanamke atakayempata mtu huyu atakuwa na subira ya jiwe. Kisha akafanya alichofanya. Katika Rust kuna neno moja, unsafe, ambalo mwandishi huliandika akitaka kuiambia kompaila igeuke ukutani, yeye mwenyewe anajua anachofanya na lawama ni zake. Lea akaliandika. Kompaila ikageuka ukutani. Programu ikapita laini kama uji, na siku zote za wiki madereva walifika kila walikokwenda.

Jumamosi asubuhi, akiwa ameshavaa gauni la kitenge la kupokelea wageni, Lea aliongeza mahali pamoja pa mwisho kwenye orodha: kwa shangazi Debora, mkabala na saluni ya Rukia. Akampigia Ludovick, aliyekuwa na wazee kwake mjini, akamwambia wapande bajaji na dereva aifuate programu asimwulize mtu yeyote, hasa mwenye mbuzi.

"Wameondoka," Ludovick alimpigia baadaye. Yeye mwenyewe alibaki nyumbani kama inavyotakiwa. Mposaji haendi kujiombea. "Mzee Eliakimu ndiye msemaji. Ameagiza simu zote zizimwe. Anasema mwaka jana simu ziliita wakati akitafuta njia, zikamchanganya."

Shangazi Debora alikuwa amepika mpaka majirani wakaja kuulizia kuna nini. Kuku, wali, na kwa kuwa alikuwa Mgogo na hakuona sababu ya kuwaficha wageni jambo hilo, ugali wa uwele na mlenda, mboga ya kuteleza. Alivipanga mezani, akavifunika, akakaa kwenye kiti mkabala na sufuria kama polisi.

Lea alijibanza jikoni akaangalia simu. Bajaji ilikuwa inakuja. Bajaji ilikaribia. Programu ikaandika: Wageni wamefika.

Alichungulia. Barabarani palikuwa na vumbi na kuku mmoja.

"Vipi huko?" aliuliza shangazi kutoka sebuleni.

"Wako karibu, shangazi."

Alisubiri. Hakuna hodi. Aliisoma tena simu, na safari hii akasoma na maelezo ya safari aliyopewa dereva. Kwa shangazi Debora. Shuka nyumba iliyo mkabala na mashine ya kusaga.

Mashine ya kusaga? Nyumba ya shangazi yake haijawahi kuwa mkabala na mashine ya kusaga tangu ijengwe. Na pale pale, na kijiko mkononi, akaelewa. Orodha ilikuwa imejaa pomoni. Nyumba ya shangazi ndiyo iliyozidi. Alipoiongeza tu, kompyuta ikaibeba orodha yote ikaihamisha, na kidole cha nyumba ya shangazi kikabaki kimenyooka kuelekea pale palipokuwa na saluni ya Rukia, ambapo sasa palikuwa na kitu cha mtu mwingine. Mtu pekee mwingine aliyekuwa akiitumia kompyuta ile ni Cornel, mwenye orodha yake ya majaribio.

Akampigia.

"Cornel, kwenye orodha yako ya majaribio uliandika mahali gani?"

"Mahali pa kubuni tu. Kwa nini?"

"Mashine ya kusaga ni ya kubuni?"

"Hiyo ipo," alisema Cornel. "Iko Zuzu, ng'ambo ya reli. Huwa namshusha mtu pale."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, Lea. Nyumba ya mkabala. Anaitwa Aneth. Bado natafakari."

Lea alikata simu. Wazee wake walikuwa ng'ambo ya reli, nyumbani kwa msichana ambaye Cornel bado anamtafakari, na sebuleni shangazi alikuwa anaweka kiganja juu ya mfuniko wa sufuria kupima joto. Mwali siku ya posa hatoki nje. Anakaa ndani, anaitwa, anakuja ameinamisha macho. Lea alivua viatu vya visigino, akatoka kwa mlango wa uani, akakimbia.

Alivuka reli gauni amelishikilia magotini. Upepo wa Dodoma, ambao kazi yake nyingine haijulikani, ulimtia vumbi kwenye nywele alizozikalia saluni jana yake tangu mchana. Alipoifikia nyumba iliyo mkabala na mashine ya kusaga, alisikia kicheko cha wanaume walioshiba.

Alipiga hodi akaingia. Kwenye makochi waliketi wazee watatu wenye suti. Wa katikati, mwenye fimbo, bila shaka alikuwa mzee Eliakimu, na mkononi alikuwa na paja la kuku. Mwenye nyumba, mzee Seth, alikuwa ameketi karibu naye kabisa kama watu waliosoma pamoja. Mkewe, mama Aneth, alikuwa anafuta machozi ya furaha kwa upindo wa kitenge.

"Shikamooni wazee," alisema Lea, akipiga goti.

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee Seth. "Umekuja wakati mzuri. Wanawishe wageni mikono."

Na Lea, kwa kuwa alilelewa na shangazi Debora na mikono yake ilijua kutii kabla ya kichwa, alichukua jagi na beseni akawanawisha. Alikuwa ameshafika kwa mzee wa pili ndipo akazinduka.

"Wazee wangu, samahani. Mmekosea nyumba."

Mzee Eliakimu alicheka kwa upole. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na alikuwa amezoea watoto kusema mambo.

"Hatujakosea, binti. Safari hii tumeongozwa na kompyuta. Tumesema tumeona ua bustanini, tukaulizwa ni ua lipi, tukasema lenyewe linajijua. Ua likaitwa, likaulizwa kama linatufahamu, likasema linatufahamu. Tumepokelewa, tumekula. Bado kupanga siku tu."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mwaka jana wazee walifika gizani wakaishia kusikia sauti ya shangazi dirishani, hivyo nyumba yenyewe hawakuijua. Utaratibu wa posa ni wa heshima sana, na heshima yake ni kwamba hakuna anayetaja jina. Mgeni hasemi amemfuata nani, mwenyeji haulizi moja kwa moja, watu wanazungumza kwa maua na bustani. Ulinzi uliopo ni mmoja: binti huletwa akaulizwa kama anawafahamu wageni. Hapo ndipo uongo wote hukwama. Na Aneth, baada ya miaka ya kushushwa kwenye mashine ya kusaga na kijana anayetafakari, aliona suti tatu sebuleni, akadhani hatimaye Cornel amefanya jambo. Hakuwatazama hata nyuso. Akasema nawafahamu. Lea hakuwa na ubavu wa kumlaumu. Wiki nzima yeye mwenyewe alikuwa ameiambia kompaila maneno hayohayo.

"Mzee," alisema, "hilo ua ni mimi."

Mzee Eliakimu aliweka chini paja la kuku. Alitoa miwani mfukoni, akaivaa, akamtazama Lea, kisha akamtazama Aneth aliyekuwa amechungulia mlangoni.

"Ludovick alinionyesha picha," alisema taratibu. "Sikuwa na miwani."

"Ludovick ni nani?" aliuliza Aneth.

"Kijana wetu. Aliyetutuma."

"Si Cornel?"

"Cornel ndiye nani?"

Mama Aneth alikaa chini, pale ambapo hapakuwa na kiti. Mzee Seth alisimama. Sebule nzima ikawa inazungumza kwa wakati mmoja, isipokuwa wale wazee wawili, ambao waliendelea kula kimyakimya kama watu wanaojua kwamba dakika yoyote sahani zinaweza kuondolewa.

Lea alijitahidi kueleza. Alisema orodha ilijaa ikahama, na alama ya nyumba ya shangazi yake ikabaki inaelekea ilipokuwa zamani.

"Kompyuta imehama?" aliuliza mzee Seth.

"Kompyuta ipo palepale, mzee. Kilichohama kimo ndani yake."

"Kimehamia wapi?"

"Humohumo ndani."

"Sasa kama kimehamia humohumo, kimepoteaje?"

Ni swali zuri, na kuna watu wameandika mambo mengi sana kulijibu, lakini chakula cha shangazi kilikuwa kinapoa. Lea akafanya jambo pekee lililobaki. Akampigia Cornel, akaweka sauti ya nje, akaiweka simu mezani kati ya mifupa ya kuku.

"Cornel, hongera. Posa yako imekubaliwa."

"Posa gani? Mimi sijatuma mtu."

"Kijana," alisema mzee Seth, akiinama juu ya simu. "Unamfahamu binti yangu Aneth?"

Aneth alikuwa ameingia sebuleni na kusimama na mikono kiunoni.

"Ninamfahamu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kuku wangu wawili wameliwa na watu ambao si wako. Mke wangu amelia. Majirani wameshasikia vigelegele. Nataka nijue kama nitawaita majirani niwaambie tulikosea."

"Mzee, mimi sikatai. Nilikuwa nataka kwanza nihakikishe kila kitu kimekaa..."

"Cornel!" alisema Aneth. Neno moja tu hilo.

"Nakuja," alisema Cornel. "Nakuja na baba mdogo. Leo. Mwambie mama asilie."

Vigelegele vikapigwa mara ya pili, na safari hii mama Aneth alivipiga akiwa bado chini. Aneth alimkumbatia Lea kwa nguvu mpaka wakapakana vumbi. Lea alifurahi kwa ajili yake, kweli alifurahi, lakini macho yake yalikuwa kwenye kuku. Hata kuku wa pale walikuwa wameshapoa.

Aliwapakia wazee kwenye bajaji ileile, iliyokuwa inawasubiri nje. Dereva aliuliza afuate programu, Lea akamwambia aizime. Akaketi mbele, ubavuni mwa dereva, mwali akiwaongoza mwenyewe watu waliokuja kumwomba, jambo ambalo hajawahi kulisikia wala hakutamani mtu alisikie. Njiani mzee Eliakimu aligusa tumbo lake.

"Kwa shangazi yako kuna chakula pia?"

"Kipo, mzee. Na msipokimaliza, nimekwisha."

Mzee Eliakimu alifungua vifungo vya koti, akavuta pumzi.

Shangazi Debora alikuwa amesimama mlangoni. Aliwasalimia wazee Kigogo, "Mbukwenyi," wakababaika, akawakaribisha ndani kwa mkono. Lea alipita akiinamisha kichwa, miguu peku, gauni la vumbi, na machozi yalikuwa karibu mno. Alijua mambo yameharibika. Alienda moja kwa moja mezani akashika sufuria ya wali. Ilikuwa baridi.

"Shangazi," alisema. "Kosa si lao. Ni langu. Niliwaelekeza mimi, nikawapoteza mimi. Wamefika kwa wakati, ila nyumba nyingine. Nilikuwa na haraka nikaandika kitu ambacho nilikatazwa kukiandika. Wakatae kama utawakataa, lakini usiseme hawakujua njia."

Mzee Eliakimu alikohoa, akaanza kusema ameona ua bustanini.

"Kaa, baba," alisema shangazi. "Hilo ua limekuja nawe kwenye bajaji."

Akaketi na yeye. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kama mtu aliyechoka.

"Niwaambie ukweli," alisema. "Nilipoona hamji, nilifurahi. Nikaacha kugusa sufuria. Nikasema basi, yamekwisha, leo tutakula wawili kama siku zote, mimi na mtoto wangu. Nikapakua sahani mbili. Nikaenda jikoni kumwita." Aliitazama miguu ya Lea. "Nikakuta viatu."

Lea alipiga magoti kando ya kiti chake, akamwekea kichwa mapajani, vumbi na vyote.

"Huyu nimemlea mimi, hajawahi kutoka nyumba hii bila viatu," alisema shangazi, mkono wake ukiwa juu ya zile nywele zilizoharibika. "Nikajua ameshaondoka. Ninyi mmekuja kunipa taarifa tu."

"Bado sijaondoka, shangazi."

"Nyamaza, kapashe wali."

Lea alikwenda jikoni akilia na kucheka, akapasha wali, akapasha kuku, akapasha na mlenda. Wazee walisogea mezani kwa mwendo wa watu wanaokwenda hospitali. Mzee Eliakimu alilikata tonge la ugali wa uwele, akalichovya kwenye mlenda, akalitazama linavyovutika, akafumba macho, akameza.

"Tamu," alisema, na jasho likamtoka.

Shangazi Debora alimtazama kwa makini mpaka alipomeza la pili, kisha akamsogezea bakuli zima.